MREJESHO: Riwaya yangu ya marafiki wa utotoni waliokosana

Habari zenu ndugu zangu. Miezi kadhaa iliyopita niliomba ushauri kuhusu mswada wangu wa riwaya ya mapenzi: binti na kijana waliokua pamoja, wakakosana wakiwa na miaka 14, wakakutana tena wakiwa na 24. Wasomaji wangu wa kwanza walilalamika kwamba wanapatana upesi mno.

Ushauri ulionisaidia kuliko wote ni wa kubadilisha chanzo cha ugomvi. Awali ilikuwa barua iliyopotea, jambo ambalo mazungumzo ya dakika 5 yangelimaliza. Sasa kijana alimsaliti kweli: alitoa siri ya nyumbani kwa binti mbele ya darasa zima, na anajua alichofanya. Hapo msamaha ukapata uzito, na sura za katikati, zilizonikwamisha muda mrefu, zikaanza kutiririka.

Nilifuata pia wazo la jina la utani. Wanapokutana ukubwani wanaitana kwa majina rasmi tu. Lile la utotoni halitamkwi hadi sura ya 19. Aliyesoma mswada mpya aliniambia alilia hapo. Hata mimi nililia nilipoiandika.

Kilichogoma ni kupishanisha sura za utotoni na za sasa. Nimejaribu mara 2, mwendo wa hadithi ukakatika zote, kwa hiyo nimebakiza kumbukumbu fupifupi ndani ya mazungumzo. Mwisho nao bado haujatulia, ninauandika upya.

Asanteni sana, hasa mliosoma sura 3 nzima na kunieleza ukweli bila kunivunja moyo.