Mathayo 5:23-24 nimeiandika mara tatu na bado sijaitenda, nisaidieni

Daftari_Jekundu:
Bwana asifiwe wapendwa. Juzi natafuta mstari fulani kwenye madaftari yangu ya mahubiri nikakuta Mathayo 5:23-24 nimeiandika mara tatu, miaka mitatu tofauti, na zote nimezipigia mstari mwekundu. Ile ya kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka mbele ya madhabahu uende ukapatane naye kwanza. Na miaka yote hiyo sijaongea na mdogo wangu, tuligombana kwenye mirathi ya mzee nikamtamkia maneno ambayo hata hapa siwezi kuyaandika. Nikisikia neno naguswa kweli jamani, nalia, naitikia amina kwa nguvu, ila nikishavuka mlango imeisha hiyo. Yakobo 1:22 anasema tuwe watendaji wa neno wala si wasikiaji tu, sasa mtu anatokaje huku anaingia kule? Naomba kitu cha kushika, msiniambie tu niombe.

Mama_Upendo:
Pole mpendwa. Soma Ezekieli 33:30-32, inatisha. Wale watu walikuwa wanaalikana kabisa, twendeni tukasikie neno, wanakaa mbele ya nabii wanasikiliza vizuri tu, na Mungu anamwambia Ezekieli wewe kwao ni kama wimbo mzuri wa mtu mwenye sauti tamu. Walilipenda neno! Ndo hapo nilipojikuta mimi, machozi yangu nilikuwa nayahesabu kuwa utii. Siku hizi kila mstari ukinigusa naandika pembeni jina la mtu na siku. Jina likikosekana najua bado nimesikia tu.

Neema_Tupu:
Samahani nitoe angalizo, tusije tukarudi kwenye sheria. Waefeso 2:8-9 iko wazi, tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, ndugu asije akaona Mungu amemkataa kwa sababu ya huo ugomvi.

Fundi_wa_Mwamba:
@Neema_Tupu kweli kabisa, ila ongeza mstari wa 10 hapohapo, tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Mwangalie Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, kwenye Luka 19, Yesu ndiye aliyeanza, kamwita kwa jina kule juu ya mkuyu, kaingia kwake watu wakinung'unika, halafu ndipo jamaa anasimama anataja hesabu, nusu ya mali kwa maskini na aliyemdhulumu anamrudishia mara 4. Neema ilitangulia, na mkono ukaingia mfukoni siku ileile.

Na wewe mwenye swali, kile kioo cha Yakobo 1:23-24, cha mtu anayejitazama uso kisha anaenda zake na kusahau alivyo, kinakuhusu sana. Vioo vya zamani zile vilikuwa metali iliyosuguliwa, mara nyingi shaba, sura inaonekana kwa ukungu, mtu unageuka na umeshasahau ulivyo. Ila yule wa mstari wa 25 anayeitazama sheria kamilifu, Kigiriki chake kina picha ya mtu anayeinama achungulie, na anakaa humo. Wewe umekaa na madaftari matatu mpaka ukajiona, sasa usigeuke. Usisubiri usikie hamu ya kupatana, mimi nilisubiri hiyo hamu kwa kaka yangu mpaka akafariki. Mpigie leo, na usianze na mirathi, anza na yale maneno uliyomtamkia, hayo ni ya kwako.

Mama_Upendo:
Na usimtumie meseji ndefu ya kujieleza, mpendwa. Sema nilikukosea, nisamehe, unyamaze umsikilize. Na yeye akigoma, Warumi 12:18 inasema kwa upande wenu, kama yamkini, mkae kwa amani na watu wote. Upande wake mwachie yeye.

Daftari_Jekundu:
Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. @Fundi_wa_Mwamba pole kwa kaka yako. Nimempigia sasa hivi, mikono inatetemeka, imeita mpaka ikakata. Najua saa hizi analaza watoto. Nampigia tena saa tatu.