Naomba ushauri: mama hataki mjukuu wake achomwe chanjo ya HPV

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Niko Chamwino, hapa Dodoma. Ninaishi na binti wa marehemu kaka yangu, miaka 13. Shuleni wametangaza chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Mimi sina shida nayo. Shida ni mama yangu kule Mpwapwa: kaambiwa na majirani inafunga kizazi, na kasema mtoto akichomwa nisimpelekee tena likizo. Na mama akisema, kasema.

Nesi wa zahanati kanieleza kwamba ilianza nchi nzima 2018 kwa dozi mbili, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hapo ndipo mama akazidi kushtuka: "Kama ni nzuri, mbona wamepunguza?" Nikamwambia utafiti umeonyesha moja inatosha. Kimya kwenye simu.

Waliochomwa 2018 sasa ni watu wazima. Kuna aliyechanjwa wakati ule, sasa ana mtoto, anayeweza kuongea na mama (akijua Kigogo nitashukuru zaidi)? Na je, binti akivuka 14 hatujaelewana, zahanati watampa bure?