Tupeane uzoefu: Chupa ya asali yenye nakshi ya kukwangua, zawadi ya sikukuu

Nyuki wa Isevya

Habari za jioni wakuu. Desemba imeingia, na huku Tabora kila anayesafiri anabeba asali. Wa Dar anabeba, wa Mwanza anabeba, na siku zote tumeibeba kwenye madumu na chupa za soda, mfuniko umefungwa nailoni isivuje. Asali ni ile ile nzuri ya miombo. Lakini anayeipokea huimimina kwenye chombo chake, na dumu linaenda jalalani.

Siku hizi nachukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya jemu au ya kahawa, naikwangua jina la mwenyewe pamoja na ua au nyuki, ndipo naweka asali. Shangazi yangu wa Morogoro asali aliimaliza zamani. Chupa bado iko mezani kwake ina sukari, na jina lake linasomeka. Ingekuwa rangi ingeshabanduka kwa kuoshwa. Kilichokwanguliwa kwenye kioo chenyewe hakitoki kwa sabuni.

Naomba kila aliyewahi kutengeneza aeleze alivyofanya na aliweka nini ndani. Naanza na yangu.

Chupa nailoweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni mpaka lebo ivuke. Gundi inayobaki naipaka mafuta ya kula, naiacha kidogo, naifuta, halafu naosha tena kwa sabuni mpaka kioo kilie chini ya kidole. Mafuta yakibaki, stika haishiki.

Stika naiomba kwa mafundi wa mabango. Wana vipande vinavyobaki ambavyo kwao ni takataka. Nachora umbo kwa penseli, nakata kwa wembe mpya, natoa katikati ili libaki tundu lenye umbo ninalotaka, nabandika kwenye chupa na kukandamiza kingo zote kwa ukucha. Kuzunguka stika naongeza tepu, maana mkono ukiteleza unakwangua pasipotakiwa.

Kinachokwangua ni pesti ya kusagia valvu, ile inayouzwa maduka ya spea. Ndani yake mna chembe za kaborandamu, ngumu kuliko kioo. Nachota kidogo sana, nasugua kwa kipande kidogo cha mbao, kwa mizunguko midogo, bila kukandamiza. Baada ya muda mng'ao unaondoka na mahali pale panakuwa peupe kama kioo cha dirisha la bafuni. Naosha, nakausha, naangalia. Palipobaki mabaka narudia. Stika naitoa mwisho kabisa, nikisharidhika, kwa sababu kuirudisha palepale haiwezekani.

Kazi ni ya jioni, redio ikiwa pembeni. Haina gharama kubwa, ila inataka utulivu.

Dagaa wa Ujiji

Asante kwa mada dada. Sisi Kigoma tunaweka mawese. Chupa ikijaa mawese mekundu, mchoro mweupe unaonekana tangu mlangoni.

Pesti ya valvu sikuipata, nikatumia mchanga laini wa ufukweni, uliochekechwa kwa kitambaa cha chandarua na kuoshwa. Chupa ilikuwa ya kahawa, ya pembe nne. Upande wake bapa niliubandika stika, nikamwagia mchanga na maji, nikasugua kwa kipande kidogo cha marumaru. Inachukua muda mrefu kuliko pesti, ila inafanya kazi. Kwenye chupa ya mviringo sishauri, mchanga unakimbilia pembeni. Hapo chukua msasa wa maji, ule wa mafundi rangi wa magari, kata vipande vidogo.

Nilichora mgebuka, kichwa mpaka mkia. Alipewa wifi yangu aliyeolewa Dodoma, mtu anayelilia samaki wa kwao kila akipiga simu.

Fundi Alumini Kiloleni

Nafanya kazi ya vioo na alumini, ngoja nichangie la kitaalamu kidogo.

Kwenye kipimo cha ugumu wa madini, ambacho mwisho wake ni almasi kwenye 10, kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5. Mchanga mweupe wa kwatzi uko 7, kaborandamu imepita 9. Ndiyo maana mchanga wa ndugu yetu wa Ujiji unakwangua, lakini polepole. Weupe mnaouona siyo rangi. Ni vishimo vidogo mno vinavyotawanya mwanga badala ya kuupitisha moja kwa moja.

Na hapa kuna jambo linalowatisha wengi. Ukiiosha chupa, mchoro unafifia, karibu unapotea. Usiukwangue tena! Maji yameingia kwenye vishimo. Ikikauka mchoro unarudi wote. Kwa hiyo hukumu kazi yako ikiwa kavu, kila mara. Mafuta nayo yanafanya hivyo hivyo, na hayakauki, kwa hiyo alama za vidole vyenye mafuta zitaonekana kama madoa mpaka uoshe kwa sabuni.

La muhimu kuliko yote ni maji. Kwangua kioo kikiwa kimelowa siku zote. Vumbi la kioo na la mchanga likiingia kwenye mapafu halitoki, na madhara yake yanakuja taratibu. Futa meza kwa kitambaa kibichi, usifagie. Watoto wakae mbali.

Kwenye karakana kubwa kazi hii hufanywa kwa kurusha mchanga kwa mashine ya upepo. Mmarekani Benjamin Chew Tilghman ndiye aliyeisajili njia hiyo mwaka 1870. Kwa chupa za zawadi huhitaji mashine, mkono wako unatosha.

Mwalimu wa Cheyo

Mada nzuri sana. Kuna kijana aliniambia asidi ya betri ya gari inachora kioo kwa dakika chache, hakuna kusugua. Kuna aliyejaribu? Nataka kufanya na wanafunzi wangu kabla hawajafunga shule.

Mtu wa Maabara

Mwalimu, tafadhali usifanye, na wanafunzi usiwaambie kabisa.

Asidi ya betri ni asidi ya salfa. Kioo haikigusi. Maabara tunaihifadhi kwenye chupa za kioo miaka nenda rudi na chupa hazina hata doa. Itakachofanya ni kuunguza mikono na macho ya watoto.

Asidi inayokula kioo ni nyingine, ya haidrofloriki. Mkemia Carl Wilhelm Scheele, aliyefanya kazi Uswidi, aliieleza mwaka 1771. Hiyo haiwekwi kwenye kioo, inawekwa kwenye plastiki, kwa sababu chupa ya kioo ingeliwa. Mafundi wa zamani walipaka kioo nta, wakachora kwa sindano mpaka kioo kikaonekana, halafu asidi ikala palipokuwa wazi. Zile krimu za kuchorea vioo zinazouzwa mtandaoni nyingi zina kemikali za jamaa hiyo hiyo.

Ubaya wake ni kwamba ikikugusa ikiwa hafifu, huenda usisikie maumivu papo hapo. Inapenya ngozi, inashikana na kalsiamu ya mwili, na maumivu yanakuja baada ya saa kadhaa ikiwa imeshafika ndani. Ikiwa nyingi inaweza kuvuruga hata mapigo ya moyo. Aliyeguswa asisubiri aone malengelenge. Avue nguo iliyolowa, aoshe kwa maji mengi yanayotiririka na aende hospitali mara moja, akitaja jina la kemikali.

Pesti ya valvu na maji vinawatosha wanafunzi wako. Wavae miwani ya kukinga macho basi.

Mwalimu wa Cheyo

Nimekuelewa vizuri, ahsante. Nimeshamwita yule kijana nikamsomea ulichoandika. Tutasugua kwa pesti.

Dada wa Saluni Gongoni

Mimi natumia mashine ya kucha! Ile ndogo ya kusagia kucha za bandia, ukiiwekea kichwa cha almasi inachora kioo vizuri sana, hata mistari myembamba ya maandishi ya mkono ambayo kwa stika huwezi kuikata.

Naichora kwanza karatasi, naikunja na kuiingiza ndani ya chupa, mchoro ukitazama nje, naibana kwa selotepu isicheze. Halafu nafuatisha kwa nje kile ninachokiona. Huna haja ya kuandika kinyume, jina linasomeka kama lilivyo. Kasi iwe ndogo. Pale ninapochora napalowesha kwa sponji kila mara, ila sichovyi mashine wala kumwagia maji karibu na waya. Barakoa sivui.

Mashine inaporuka inaacha mkia. Nimezoea kuanza na majani, kwa sababu jani likizidi kidogo bado ni jani, na herufi naziacha mpaka mkono utulie. Mteja wangu mmoja aliolewa mwezi wa kumi, nikamwandikia majina yao wawili na tawi la mwembe, maana nyumba yao imezungukwa na miembe kama nyumba nyingi za hapa mjini. Alilia.

Bint Ng'ambo

Kwetu ni Idd. Natengeneza chupa za tende na kashata za kugawa asubuhi baada ya swala.

Mchoro wangu niliutoa kwenye milango ya nakshi. Nilikwenda na watoto kwenye Tembe la Livingstone kule Kwihara, nikapiga picha nakshi za mbao za mlango, nyumbani nikachagua ua moja tu na mnyororo wake. Nakshi yote ya mlango haiingii kwenye chupa, inakuwa vurugu. Ua moja linarudiwa kuzunguka shingo ya chupa, na mbele jina la bibi au la jirani. Kwa stika nakata ua moja kwa kadibodi ngumu kama kielelezo, mengine yote nalifuatisha hilo, yanatoka sawa.

Dada wa saluni, nakuja kwako na chupa zangu, nataka herufi za Kiarabu na mkono wangu bado haujafika huko.

Dada wa Saluni Gongoni

Karibu sana mamii. Njoo asubuhi kabla ya wateja, na uje na karatasi ikiwa imeshaandikwa na mtu anayejua, mimi nitafuatisha.

Mzee wa Sikonge

Wanangu, nimesoma yote. Mmesema sana juu ya chupa, sasa niseme juu ya asali, kwa sababu nimekaa na mizinga ya magome tangu ujana.

Mchoro mweupe unapendeza asali ikiwa ya kahawia na maji maji. Asali ikiganda inakuwa na rangi iliyopauka, na mchoro wenu unamezwa. Kuganda siyo ubovu na siyo dalili kwamba imechakachuliwa kwa sukari, ni tabia ya asali. Mwambieni mnayempa. Akitaka iyeyuke, aiweke chupa ndani ya sufuria ya maji ambayo mkono unayavumilia, aiache taratibu. Isiwekwe motoni. Asali inaharibika ladha, na kioo kilichokwanguliwa kikipata moto wa ghafla kinaweza kupasuka kuanzia palepale penye mikwaruzo.

Chupa iwe kavu kabisa kabla ya kujaza. Tone la maji likibaki chini linaweza kuchachusha. Mfuniko uwe wa chuma wenye mpira wake ndani, usio na kutu, kwa sababu asali inavuta unyevu wa hewani. Naona wengine wanafunika kwa kitenge na kamba ya katani peke yake. Kitenge kiwe juu ya mfuniko, siyo badala yake.

Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja inakaribia kilo 1.4, kwa hiyo chupa ya nusu lita itabeba kama gramu 700. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kununua, maana naona vijana wanabaki na asali pungufu. Ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu, na ni ghali. Hiyo wekeni kwenye vichupa vidogo, mtu aonje kidogo kidogo.

Na nyumba yenye mtoto asiyefikisha mwaka mmoja, mtoto huyo asipewe asali hata ya kulamba. Inaweza kumletea sumu ya vijidudu ambayo tumbo lake bado haliwezi kuishinda.

Nyuki wa Isevya

Shikamoo mzee wetu. Hilo la mtoto nitaliandika kwenye kikaratasi na kukifunga shingoni mwa kila chupa inayokwenda kwenye nyumba yenye kichanga. Na la kuganda pia, maana mwaka juzi nilipigiwa simu nikaulizwa kama asali yangu ni ya kweli.

Mzee wa Sikonge

Marahaba mwanangu. Andika na mwezi iliyorinwa.

Abiria wa Reli ya Kati

Swali moja tu. Nasafiri kwa treni kwenda Kigoma tarehe 22, nina chupa sita. Zitafika?

Dagaa wa Ujiji

Zitafika ukizipanga vizuri. Kila chupa ivae soksi nene au izungushiwe kitenge, zisigusane kioo kwa kioo. Boksi lijazwe pumba za mbao kutoka kwa mafundi seremala mpaka ukilitikisa lisitoe sauti. Mdomo wa chupa uutie nailoni kabla ya kufunga mfuniko. Zisimame, zisilazwe. Boksi likae miguuni kwako, usilipeleke kwenye mizigo, na usiliweke juu ya kichwa cha mtu.

Abiria wa Reli ya Kati

Nimeelewa ndugu yangu. Nitapita na kwako Ujiji nione huyo mgebuka alivyochorwa.

Dagaa wa Ujiji

Yuko Dodoma kwa wifi, ila kielelezo cha kadibodi ninacho. Njoo na chupa moja ya pembe nne tukuchoree wako, mchanga upo.