Mashine moja ya trei sita au mbili za trei nne? Muuzaji anasema "inabeba kilo 12"

MnanasiWaKayunga: Wakuu, habari za leo. Natafuta mashine ya kukausha chakula kwa kugandisha, na nimebaki na mbili kichwani. Kuna kubwa ya trei sita, muuzaji wa Kampala anasema inabeba kilo 12 kwa mzigo. Au nichukue mbili ndogo zilizotumika, za trei nne, kila moja kilo 6. Bei zinakaribiana. Kabla ya kulipa nataka nizijaribu nijue mwisho wake. Nianzie wapi?

FundiJinja: Kilo 12 za nini? Hujasema unakausha nini, unakata unene gani, wala umeme wako ukoje.

BibiShambani: Mbili ndogo. Moja ikifa, nyingine inakulisha. Mimi ninazo mbili na sijajuta.

MnanasiWaKayunga: Samahani ssebo. Ni nanasi, baadaye labda fenesi. Umeme ni wa kawaida, unakatika.

FundiJinja: Ungeanza hapo. Kilo 12 za nanasi ni zaidi ya kilo 10 za maji. Maji hayo hayatoki nje, yanaganda kwenye ukuta wa baridi ndani ya mashine. Muulize muuzaji inashika kilo ngapi za barafu. Akisema 8, basi nanasi lako ni kilo 9 tu, hata kama trei zina nafasi. Barafu ikinenepa sana ukuta haushiki tena mvuke, presha inapanda, chakula kinayeyuka.

Okello_B: Mbona rahisi? Gandisha maji kilo 6 kwenye trei, washa, pima kilichobaki. Hupotezi hata nanasi moja.

FundiJinja: Hapo umepima ukuta wa baridi tu. Barafu tupu inatoka bila shida. Nanasi lina sukari, likipata joto mapema linakuwa gundi na kuziba njia ya mvuke.

SalimBombo: Mimi niliponzwa na hilo neno "inabeba". Mwaka juzi niliamini karatasi ya mashine, nikajaza nanasi hadi trei zikawa na vilima, vipande vinene kama kidole gumba. Saa 14 tangu kuwasha, umeme ukakatika. Mke wangu akasema tuwashe jenereta, nikamwambia utarudi sasa hivi. Ulirudi baada ya saa tatu. Kufungua mlango: povu, juisi imechuruzika hadi chini, trei zimenata. Mafuta ya pampu ya kunyonya hewa yamekuwa meupe kama chai ya maziwa kwa mvuke uliopenya. Niliyabadilisha mara tatu. Kilichoniumiza zaidi ni vile vipande vya juu. Vilivunjika vizuri mkononi, nikavifunga na kuuza. Wiki ya pili wateja wawili wakarudisha pakiti, katikati vimelainika. Siku hizi nakata nusu sentimita na napima kila trei. Ikitoka nairudisha kwa saa mbili, napima tena. Uzito ukishuka hata kidogo, bado. Mzigo unaofuata naongeza nusu kilo, hadi siku muda wa kukauka unaporuka ghafla. Hapo ndipo mwisho wa mashine yangu.

DadaKabale: Sisi huku juu hewa ni nyepesi. Si mashine itabeba zaidi?

FundiJinja: Hapana dada. Barafu ikipashwa joto inayeyuka kwanza, mpaka presha iwe chini ya paskali 611 ndipo inageuka mvuke moja kwa moja. Nje, hata huko kwenu, ni makumi ya maelfu. Pampu ndiyo inayoshusha, mlima haukusaidii kitu.

Okello_B: Kwa umeme huu bora draya la jua. Nanasi la jua linauzika.

BibiShambani: Linauzika, ila linatafunwa kama ngozi. Ni biashara nyingine hiyo.

SalimBombo: Na jenereta usiulize lita za mafuta.

MnanasiWaKayunga: Nimempigia muuzaji. Amekubali nilete nanasi langu Jumamosi asubuhi, lakini anafunga duka saa kumi na mbili jioni. Barafu ya ile kubwa haijui ni kilo ngapi.

SalimBombo: Mzigo wangu wa nanasi unachukua saa 30. Mwambie alale dukani!

BibiShambani: Na hizo ndogo mbili, mwenyewe amekuruhusu kujaribu?

MnanasiWaKayunga: Hajapokea simu tangu juzi.

BibiShambani: Mm. Nanasi kwenu sasa ni bei gani? Huku Masaka limepanda.