Hema la kukunja la kuuzia samaki Dunga: upepo wa ziwa unalinyanyua, nichukue lipi?

MuuzaMbuta
Habari zenu wadau. Natafuta hema la kukunja la mita 3 kwa 3 la kuuzia mbuta na ngege wabichi ufukweni Dunga, Kisumu. Litafunguliwa asubuhi na kukunjwa jioni kila siku, na wa kulibeba ni watu wawili. Asubuhi hakuna shida. Kuanzia saa nane mchana upepo wa ziwa ukianza, mahema ya pale yanapanda na kushuka mpaka miguu inaruka. Dukani nimeoneshwa mawili: moja la chuma, paa la 420D (D ni kipimo cha unene wa uzi wa kitambaa); lingine la alumini, miguu ya pembe sita, paa la 600D, bei karibu mara mbili. Uzito wa chuma utanisaidia? Na kuta za pembeni ninunue ngapi? Ardhi ya pale ni mchanga juu, udongo mweusi chini.

FundiFremu
Uzito wa fremu usikudanganye. Paa lako lina mita 9 za mraba. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukiingia chini yake unaweza kulisukuma juu kwa nguvu ya kilo 50 hivi. Ukifika 50 kwa saa, ni karibu kilo 100. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Sasa zile kilo chache ambazo chuma kinaishinda alumini zitakufaa nini hapo? Zitakuchosha mgongo tu.

Tazama viungo. Lifungue hema lote pale pale dukani, shika mguu wa kona moja uusokote taratibu, na mwenzako aangalie pale mkasi wa juu (vile vyuma vinavyopishana na kukunjika) unaposhikana na mguu. Kama kipande hicho ni cha plastiki, kikague kando ya tundu la boliti. Ukiona kamstari keupe, kembamba kama unywele, kanakotokea pale unaposokota, plastiki hiyo ni dhaifu na itapasukia hapo hapo. Mahema mengi huanzia kuvunjika hapo, si kwenye miguu. Vyuma vya mkasi vikiwa vimeunganishwa kwa ribiti, yaani pini za kugongwa zisizofunguliwa, liache. Ribiti ikilegea haikazwi. Boliti utabadilisha mwenyewe kwa spana mbili, na uweke nati yenye pete ya nailoni ndani ili isijifungue kwa mtikisiko. Usiikaze mpaka mwisho, mkasi utagoma kufunguka.

Kati ya hayo mawili ningechukua la alumini, mradi viungo vyake vipite jaribio hilo. Miguu ya hema la samaki hushinda kwenye maji ya barafu yanayochuruzika mezani, na chuma chenye rangi iliyokwaruzwa huanza kuliwa na kutu kutokea ndani ya bomba, usipopaona.

Tanga_Usoma
Suala la kuta ndilo linalobomoa mahema mengi, kwa hiyo soma hapa vizuri.

Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa inapanda, na upepo unatoka ziwani kuja kujaza nafasi. Huo haubadiliki ovyo, unaweza kuupangia. Weka ukuta mmoja upande wa ziwa na uache upande wa pili wazi. Ukifanya kinyume, yaani upande wa ziwa wazi na nyuma pamefungwa, hewa inaingia na kukosa pa kutokea. Hapo umetweka tanga, na paa ndilo litakalopaa.

Hatari yenyewe ni jioni. Wingu la mvua likijenga upande wa milima ya Nandi na kuja juu ya tambarare za Kano, mvua inaangusha hewa baridi, nayo hewa hiyo inatambaa chini na kutangulia mvua yenyewe. Upepo wa ziwa unakatika ghafla, kunatulia kidogo, halafu dhoruba inakuja kutoka nchi kavu. Ule ukuta wako wa upande wa ziwa sasa uko nyuma ya hema, na mbele pako wazi! Ndiyo maana nasema nunua ukuta mmoja tu, tena wa kufungwa kwa velkro, si zipu. Velkro unaing'oa kwa mkono mmoja. Zipu yenye mchanga itakukwamia wakati huo huo unapoihitaji. Upepo wa ziwa ukikatika na nyuma yako ni kweusi, ng'oa ukuta, teremsha miguu hadi tundu la chini kabisa, na kama mko wawili likunjeni. Usisubiri tone la kwanza.

Pia chagua paa lenye tundu la hewa kileleni, lenye kofia juu yake. Hewa ikipata pa kutokea, haisukumi paa kwa nguvu ile ile.

MuuzaMbuta
Asanteni sana. Nimekuwa nikidhani kuta nne ndizo kinga. Sasa kulifunga chini: vile vigingi vinavyokuja na hema vinatosha? Na mitungi ya maji je?

FundiFremu
Vile vigingi vyembamba kama penseli vitupe, kwenye mchanga havishiki kitu. Mwambie fundi wa jua kali pale soko la Kibuye akukatie nondo ya Y12 (unene wa milimita 12) vipande vinne vya sentimita 60, akichonge ncha na kukunja kichwa kama ndoano. Kigingi kipigwe kikiwa kimelala, kichwa kikiangalia mbali na hema, na kamba ishuke kutoka kona ya juu kwa mwinamo wa nyuzi 45 hivi. Udongo mweusi ukiwa mkavu utakishika vizuri. Ukilowa unakuwa utelezi, kwa hiyo msimu wa masika usitegemee vigingi peke yake.

Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20. Minne ni kilo 80, inatosha upepo wa kawaida wa mchana, lakini kwa dhoruba haitoshi. Jaza mchanga mkavu badala ya maji na kila mmoja utapita kilo 30.

Tanga_Usoma
Naongezea namna ya kuifunga, maana wengi huning'iniza mtungi katikati ya mguu, unabembea na kugonga mguu mpaka unapinda. Mtungi ukae chini, kando ya mguu, na kamba itoke kona ya juu ya fremu, wala si kwenye kitambaa, ishuke moja kwa moja hadi mpini wa mtungi ikiwa imekazwa kabisa. Kamba ikilegea hata sentimita kumi, hema linapanda kwanza halafu linashikwa ghafla, na ule mshtuko ndio unaovunja viungo. Kamba ya manila hulegea, ipitie na kuikaza tena saa nane kabla upepo haujaanza. Mikanda ya racheti ya kufungia mizigo ni bora zaidi.

Penye mchanga mwingi, zika gunia: jaza mchanga nusu, funga kamba katikati, lizike kina cha nusu mita likiwa limelala kukingama na kamba, ukanyage vizuri juu. Likae hapo hapo, jioni unafungua kamba tu.

Mama_Ngege
Mwanangu, mimi naongeza mawili. Paa likilegea, mvua itatuama karibu na kona, na lita 40 za maji ni kilo 40 juu ya ule mkasi mwembamba. Vuta kitambaa kikaze kabla ya kuinua miguu, na mvua ikinyesha sukuma maji kwa ufagio kutoka ndani, polepole.

La pili ni rangi. Usinunue la buluu. Mwanga unaopita kwenye turubai la buluu unafanya mashavu ya samaki yaonekane yamefifia, na mteja akifunua shavu akakuta halina wekundu, anaondoka hata kama samaki ametoka majini asubuhi hiyo. Chukua jeupe, na chini yake barafu nayo itakaa zaidi.