Koilova au shokapu na springi fupi kwa BMW E36? Tulinganishe

Mwendambali

Wakuu, habari za kazi. Nina BMW E36, 325i ya mwaka 1994, milango miwili. Shokapu za nyuma zinavuja mafuta, na gari likivuka tuta linapepesuka mara mbili tatu kabla halijatulia. Naliendesha kila siku kwenda kazini, na mara tatu au nne kwa mwaka naingia nalo uwanja wa mbio siku za wazi. Nataka lishike kona vizuri na lishuke sentimita tatu hivi. Sitaki lililie kila tuta.

Nimebaki na njia nne. Kwanza Bilstein B12, yaani shokapu za B8 pamoja na springi fupi za Eibach. Hapo hakuna cha kurekebisha. Pili koilova za kawaida (seti ya shokapu na springi yenye nyuzi za kuzungusha ili kupandisha au kushusha gari), Bilstein B14 au KW Variant 1: kimo unabadilisha, ukali wa shokapu umefungwa kiwandani. Tatu KW Variant 3, ambayo unarekebisha kila kitu. Nne zile koilova za bei nafuu zenye kitufe cha ngazi 30 za ukali wa shokapu. Mngenishauri ipi, na kwa nini?

Bushi Kwanza

Kaka, kabla hujachagua yoyote, lala chini ya gari ukiwa na mtaimbo na tochi. Gari la miaka thelathini halichoki shokapu peke yake. Tikisa bushi (mipira ya maungio) za mikono ya mbele inayoshika magurudumu, tikisa zile kubwa zinazoshika mikono ya nyuma kwenye bodi, kisha angalia mauntingi za juu za shokapu za nyuma, yaani vishikizo vya mpira vinavyozifunga kwenye bodi. Hizo za nyuma kwenye E36 zinajulikana kwa kufa.

Nasema haya kwa uchungu. Mimi nilifunga koilova nzuri juu ya bushi zilizokwisha. Nikiachia pedali ya mafuta katikati ya kona, nyuma ya gari ilikuwa inajigeuza yenyewe kama inatafuta njia nyingine. Miezi sita nikilaumu shokapu, nikiongeza ukali, nikipunguza, wapi! Siku nilipobadilisha bushi za nyuma, ugonjwa ukaisha jioni hiyohiyo.

Fundi Kimya

Naongezea jambo ambalo wengi wanalisahau kuhusu gari hili. Mbele ya E36 ni strati ya MacPherson, springi imezunguka shokapu, kwa hiyo pale koilova ni koilova kweli. Nyuma siyo. Springi inakaa mahali pake juu ya mkono, shokapu inakaa peke yake nyuma yake. Seti karibu zote ulizotaja, kwa nyuma zinakupa springi yenye kikalio cha kuzungusha ili upandishe au ushushe, na shokapu pembeni. Ni mpango mzuri, usione umepunjwa.

Kuna watu watakushawishi ubadilishe nyuma iwe koilova kamili, springi ihamie juu ya shokapu. Tafadhali usifanye hivyo bila kuimarisha bodi. Bati linaloshika kichwa cha shokapu ya nyuma lilitengenezwa libebe nguvu ya shokapu tu. Uzito wa gari haukuwa kazi yake. Ukiuhamishia pale, bati linapasuka kuzunguka boliti, na nimeshona nyufa za namna hiyo kwa mikono yangu mwenyewe zaidi ya mara moja.

Pili, ugumu wa springi. Usishtuke ukiona springi ya nyuma ni ngumu kuliko ya mbele. Springi ya nyuma iko ndani kwenye mkono, kwa hiyo inasogea karibu theluthi mbili tu ya umbali ambao tairi linasogea. Ugumu unaofika kwenye tairi unapatikana kwa kuzidisha ugumu wa springi kwa uwiano huo, kisha kwa uwiano huo tena. Theluthi mbili mara theluthi mbili ni kama 0.44. Kwa hiyo springi ya nyuma ya nyutoni 100 kwa milimita, tairi inaiona kama 44. Mbele strati iko karibu kabisa na tairi, kinachopotea ni kidogo. Anayelinganisha seti kwa kusoma namba za springi tu, bila hesabu hii, analinganisha vitu viwili tofauti.

Mzee wa Kona

Mimi nimetumia hizo za ngazi 30 miaka mitatu na sina malalamiko makubwa. Kimo cha mbele unabadilisha kwa kuzungusha sehemu ya chini ya strati, springi haiguswi, safari ya shokapu (nafasi yake ya kupanda na kushuka) inabaki ileile. Hilo ni jambo zuri la kihandisi. Kwa mtu wa uwanjani tu, ningesema chukua.

Tairi Nne

Mzee wa Kona, shikamoo, lakini hapa naomba nipingane nawe kidogo. Zipo seti nafuu nzuri na zipo za hovyo, na ukizitazama kwa macho huwezi kuzitofautisha. Yangu, ambayo jina sitalitaja, ngazi kumi za kwanza hazikubadilisha chochote na tano za mwisho zilibadilisha kila kitu. Halafu kushoto na kulia hazikulingana: ngazi ya 15 upande mmoja ilikuwa kama ya 20 upande mwingine. Baada ya msimu mmoja wa mvua, nati za kurekebishia kimo zilishikana na kutu, spana ikakatika meno. Koilova isiyozunguka ni springi fupi ya bei kubwa.

Na tukumbuke kwamba kwenye seti nyingi za namna hiyo, kitufe kimoja kinabadilisha mbano (ukali shokapu ikibanwa) na mrejesho (ukali ikirefuka tena) kwa pamoja. Ukitaka gari lisipepesuke baada ya tuta unahitaji mrejesho zaidi, lakini unapewa na mbano juu yake, na mbano ndio unaokugonga kiuno kwenye shimo.

Mzee wa Kona

Marahaba. Kuhusu kutu nakubali, yangu naipaka grisi na kuizungusha kila baada ya miezi michache. Asiye na muda huo atajuta.

Dada Usukani

Ninayo Variant 3 kwenye E36 yangu, kwa hiyo nizungumzie ninachokijua. Mrejesho na mbano vinarekebishwa kila kimoja peke yake, na mwili wake ni chuma kisichoshika kutu. Miaka yote hii nyuzi zake zinazunguka bila shida. Ni shokapu nzuri mno. Lakini uzuri wake unahitaji daftari. Anza pale kiwanda kilipokuelekeza, badilisha kitu kimoja tu, endesha barabara ileile kwa mwendo uleule, andika ulichokisikia. Mwaka wa kwanza sikufanya hivyo. Nilizungusha vyote kwa hisia, na gari likawa baya kuliko nilivyolinunua.

Mwendambali, swali langu kwako: je, una hamu ya kazi hiyo? Kama unataka kufunga na kusahau, sehemu kubwa ya hela ya Variant 3 itabaki imelala bila kazi.

Na kuhusu kimo, usiwasikilize wanaosema gari likilala chini sana ndio linashika. Kwenye kona bodi hulala likizunguka nukta fulani ya kufikirika. Kwenye strati ya MacPherson, ukishusha gari, mkono wa chini unaanza kuelekea juu upande wa tairi, na nukta hiyo inashuka haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Umbali kati ya nukta na kitovu cha uzito ndio wenzo unaolaza bodi. Kwa hiyo unashusha gari ili lisilale, na unarefusha wenzo unaolilaza! Juu ya hapo, tairi linaanza kujigeuza lenyewe kulia au kushoto kila linapopanda tuta. Sentimita tatu zako zinatosha. Sita ni za picha.

Mwendambali

Nashukuruni sana. Nimelala chini ya gari leo. Bushi za mbele zimepasuka, za nyuma mtaimbo unazisogeza kirahisi. Mauntingi moja ya nyuma imebaki chuma kitupu.

Dada Usukani, nikijibu kwa ukweli, sina hamu ya daftari. Naomba mtu anisaidie jambo moja: springi ngumu kiasi gani bado zinavumilika kila siku?

Fundi Kimya

Usipime kwa ugumu peke yake, pima kwa mitikisiko kwa sekunde. Chukua uzito unaobebwa na springi kwenye pembe moja ya gari, yaani gurudumu moja. Kwa mbele ya gari lako tuseme kilo 300. Ugumu kwenye tairi ukiwa nyutoni 30 kwa milimita, gari litatikisika mara 1.6 kwa sekunde. Ukiwa 60, mara 2.25. Magari ya kawaida ya starehe yako kwenye 1 hadi 1.5. Hadi kama 2 mtu anaweza kwenda nayo kazini. Ukipita hapo, unatengeneza gari la uwanjani lenye redio.

Na shokapu lazima ilingane na springi. Springi ngumu juu ya shokapu laini ndiyo inayofanya gari lirukeruke kama mpira. Hii ndiyo sababu ninapenda seti ambayo kiwanda kimeifunga chenyewe, springi na shokapu zikiwa zimepimwa pamoja.

Bushi Kwanza

Basi jibu limeshajitokeza. Kimo chake anakijua, daftari hataki, barabara ni ya kila siku. B12 inamtosha, na kinachobaki kiende kwenye bushi na mauntingi.

Dada Usukani

Mimi bado ningechukua B14. Springi mpya hukaa, yaani hushuka kidogo baada ya kufungwa, na gari la zamani mara nyingi upande mmoja uko chini kuliko mwingine. Nyuzi zinakuruhusu kusawazisha. Springi fupi ikikaa vibaya, unabaki nayo hivyo.

Mwendambali

Nimepima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote mbili: mbele tofauti ni milimita 3, nyuma 4. Nadhani naweza kuishi nazo. Naenda na B12, bushi zote mpya, mauntingi mpya za nyuma pamoja na vibati vya kuimarishia bodi pale zinapofungwa. Jumamosi naanza.

Fundi Kimya

Uamuzi mzuri. Bushi za mikono ya mbele zisukume kwa maji ya sabuni, usitumie grisi, na zikishaingia shusha gari lisimame kwa magurudumu yake kabla sabuni haijakauka. Ukiziacha zikauke gari likiwa juu ya jeki, zitashika zikiwa zimejipinda, na zitapasuka mapema. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) usiifanye siku hiyohiyo. Endesha kwanza kilomita mia chache springi zikae, ndipo uende.