Naomba ushauri: kufuli linazunguka kidogo halafu linagoma

Wakuu habarini, mwenzenu najifunza kufungua kufuli bila funguo, hobi tu na nafanyia kufuli zangu mwenyewe. Zile rahisi zinafunguka fresh ila kuna hili moja la pini 5 (vile vijiti vidogo vya ndani ambavyo funguo huvinyanyua) ni bishi balaa. Nakaza kidogo na kile kichuma cha kukazia, nasukuma pini moja moja, nasikia tik, tik, halafu silinda (ile sehemu yenye tundu la funguo) inazunguka kidoogo kama inataka kufunguka kisha inaganda hapo hapo. Nimesoma kwamba hiyo ni dalili ya pini zilizochongwa nyembamba katikati, zinanasa ukingoni, na dawa yake ni kulegeza mkono taratibu silinda irudi nyuma kidogo huku unaendelea kuisukuma pini iliyonasa. Sasa shida ndo hapo, nikilegeza tu pini zote zinarudi chini naanza upya, na inaniuma kweli maana hii kitu naipenda sana.

Wenye uzoefu, mnajuaje hapa nimelegeza vya kutosha? Na kichuma cha kukazia kikae juu ya tundu au chini, wapi kidole kinasikia vizuri zaidi? Afu kufuli nilishike mkononi au nilibane kwenye jiliwa?